Bi Hafswa na Ukuta Ulioliwa

Bi Hafswa wa Bofu, huko Likoni, alikuwa mdaku, na mwenyewe hakulikana hilo. Tangu utotoni, akitumwa kupeleka sahani ya mahamri kwa jirani, alirudi na sahani tupu na habari tele: kitanda cha jirani kimeelekezwa wapi, mtungi wa maji una ufa upande gani, na kwa nini dirisha la uani limezibwa kwa gunia. Mama yake alimkanya, akamfinya, akamtishia kumshitaki kwa mwalimu wa chuo cha Qurani, wapi! Mtoto alipenda kuona ndani ya nyumba za watu kama wenzake walivyopenda halua. Hakutaka kuiba wala kusengenya, alitaka kujua tu. Akaolewa, akaachwa, akarudi kukaa kwa kaka yake, na udaku wake ukarudi naye. Huo ndio uliokuja kumlisha.

Miaka ya hamsini ikiishia, Mombasa ilikuwa imejaa pomoni. Kazi za bandarini na za viwandani ziliita watu kutoka bara, na kila gari la moshi lilishusha wengine. Vyumba vya kisiwani vilipokwisha, watu wakatazama ng'ambo: Likoni kwa feri, Kisauni kwa daraja, Changamwe kwa barabara ya Makupa. Hapo ndipo madalali wa nyumba walipozuka kama uyoga, kila mmoja na mwavuli wake na maneno yake matamu.

Lakini dalali ni mwanamume, na ndani ya nyumba kuna wanawake. Akifika, hukomea barazani. Mwenye nyumba humwambia vyumba ni vikubwa, kisima ni cha maji matamu, paa halijui kuvuja, naye hana budi kuitikia, kwani nani atampitisha ukumbini mpaka uani penye wake za watu na mabinti zao? Hivyo maskini aliuza kitu asichokiona. Barakat, dalali mkongwe wa Likoni, aliwahi kumvusha mteja feri na mizigo yake yote, akikisifu chumba njia nzima. Walipofungua mlango wakakuta mnafugwa kuku. Mteja alimtukana kwa lugha ya kwao, na Barakat, ambaye hakuijua lugha hiyo, alielewa kila kitu.

Jioni ile Barakat alipita kwa kaka yake Hafswa kulalamika. Hafswa alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza, kama ada yake, na akashindwa kujizuia. Akasema kutoka ndani kwamba chumba kile kina kuku tangu mwezi uliopita, lakini nyumba ya pili yake ina chumba kizuri kimehamwa juzi, ila dirisha lake halifungiki. Barakat akauliza ni dirisha la upande gani. Biashara ikaanzia hapo.

Baada ya mwaka, kila Jumamosi asubuhi, madalali walikuwa wakija Bofu kumsikiliza. Barakat alikuwa wa kwanza kufika, na mahali pake barazani palijulikana. Karisa alitoka Kisauni. Mwangi, kijana wa bara aliyewatafutia vyumba wafanyakazi wa bandarini, alivuka kutoka Magongo akiwa amechoka kwa mabasi na feri, akanywa maji kwanza ndipo akasalimu. Wao walimletea fununu za nyumba zinazohamwa, na Hafswa, kati ya Jumapili na Ijumaa, alijifunika buibui akaenda kuziona. Alipiga hodi, akakaribishwa na wanawake wenzake, akanywa chai, akazunguka. Siku ya Jumamosi aliketi kwenye kigoda ndani ya kizingiti, mlango nusu wazi, akazitaja zote kwa mdomo.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alisema ardhi ni ya nani, kwani Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba na udongo ulio chini yake ukawa wa mwingine anayedai kodi ya ardhi, na mteja asipoambiwa hilo mapema atakuja kulia. Kisha kisima, kisha paa, kisha vyumba, kisha majirani. Mwisho alitaja ila za nyumba, na hizo hakuzipunguza hata mwenye nyumba akimletea kanga. Wote walisikia pamoja, asiwepo wa kuambiwa pembeni. Nyumba akiikataa, alitoa sababu. Na kulikuwa na jambo moja alilolishika kuliko yote: nyumba aliitangaza, watu waliomo hakuwatangaza. Wanaogombana, wanaolala njaa, aliyeficha chupa chini ya kitanda, hayo aliyaona yote akayaacha humo humo.

Madalali walimtania kwamba siku moja mambo hayo yatampasua kifua. Lakini walimwamini. Mteja aliyeambiwa "Bi Hafswa ameiona" hakuuliza mara mbili, na madalali waliacha kugombana kama zamani. Kila kazi iliyofungwa, dalali alimkatia chake bila kukumbushwa. Hilo kwa madalali si jambo dogo.

Basi ikaingia ile sitini na tatu, mwaka wa Uhuru, na wakati huo kila mtu wa Pwani alikuwa na swali mdomoni. Bendera ipi itapanda? Nani atabaki, nani atahama? Mahfudh, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapo Likoni, alikuwa ameshajijibu. Mkewe alikuwa na jamaa Unguja, naye akataka kuhamia huko kabla bendera hazijabadilika. Nduguye, Hamdun, aliyekuwa na duka la tende na samli karibu na feri, alikuwa amefariki mara tu baada ya Idi. Aliacha nyumba ya vyumba sita hapo Bofu, mjane aitwaye Nadhira, na hakuacha mtoto. Mahfudh akahesabu kwamba fungu kubwa la nyumba ile ni lake kwa sheria, na mjane atapata la kwake akarudi kwa wazee wake. Akamwambia Barakat atafute mnunuzi, ili eda ya mjane, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, ikiisha tu, nyumba iuzwe.

Barakat alikuwa na mnunuzi mkononi, mwenye lori mbili, tena mwenye haraka. Lakini nani angeingia? Mjane akiwa edani haonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu yake, na nyumba nzima ilikuwa imefungwa kwa ajili yake. Kazi ilikuwa ya Bi Hafswa, hakuna mwingine. Akaenda Jumanne asubuhi.

Nadhira alimpokea kwa adabu, akasema shikamoo, akamwonyesha vyumba mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mwembamba wa uso, amejitanda nguo pana za eda zisizo na rangi. Hafswa alizunguka na macho yake. Kisima kizuri. Paa la makuti, jipya upande mmoja, lililochakaa upande wa pili. Boriti nzima. Vyumba vinne vilikuwa tupu, vikinuka samli ya dukani. Kuta zilikuwa za udongo na fito, zimepakwa chokaa vizuri. Alikuwa karibu kuridhika alipofika chumba cha ndani, alimolala Nadhira, na huko nyuma ya mlango, kando ya kitanda, akaona ukuta una shimo.

Si shimo la kutisha. Lilikuwa la ukubwa wa sahani, chokaa imebanduka na udongo umechimbika. Lakini Hafswa alikuwa ameona kuta nyingi, na hili lilimshughulisha. Akainama. Mchwa huacha vijia vya udongo vinavyopanda, na hapa hapakuwa na kijia. Panya huanzia chini, na hili lilikuwa juu, sawa na bega la mtu aliyeketi. Maji ya mvua hutiririka, na ukuta ulikuwa mkavu. Akapeleka kidole. Udongo ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, mitatu mitatu, imefuatana vizuri. Akajiuliza ni mnyama gani huyu anayekula ukuta akiwa amekaa kitandani.

Akageuka kumwuliza mwenye nyumba, na hapo akamwona Nadhira ameficha mkono wa kulia ndani ya nguo yake. Akatazama mdomo wake. Pembeni palikuwa na vumbi jekundu kidogo, kama la mtoto aliyetoka kucheza. Hafswa akakaa kitako kwenye kitanda. Aliwahi kuona wanawake wakila udongo, wengine huununua sokoni umepangwa katika ungo, na alijua wanaula wakati gani.

"Ya miezi mingapi?" akauliza pole pole.

Nadhira alianza kulia bila sauti. Hakuweza kutoka kwenda sokoni kuununua udongo, akasema, na hakuweza kumtuma mtu, kwa sababu mtu angejua. Mate yalimjaa mdomoni usiku na mchana. Basi akaanza kuumega ukuta wa mumewe.

Hafswa hakuelewa. Kwa nini kulificha jambo kama hili, tena jambo la kheri? Akamweleza mambo ambayo pengine hakuyajua, kwamba mtoto aliye tumboni ana haki yake, kwamba hakuna kadhi atakayeacha mirathi igawiwe mpaka azaliwe, na akiwa mwanamume, Mahfudh hapati kitu. Neno moja tu likitamkwa, nyumba haiuziki. Nadhira aliyajua yote hayo.

"Bi Hafswa, hii si ya kwanza," akasema. "Mbili zimetoka. Kila nikishamwambia mtu, haikai. Hii hata Hamdun hakuijua, alikufa sijamwambia. Wallahi sitamki mpaka ionekane yenyewe."

"Na nyumba ikiuzwa, mwanangu?"

"Nyumba nitapata nyengine. Huyu sitampata mwengine."

Hafswa alirudi nyumbani na chai ya watu tumboni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani asingelijua alilolijua. Akiitaja nyumba ile kwa sifa zake, itauzwa kwa mwenye lori, na mtoto atakuja kuzaliwa aikute nyumba ya baba yake ina mwenyewe mwingine na kesi isiyokwisha. Akisema sababu, atakuwa amemtangaza mtu, tena mtu aliyeapa mbele yake kutolitamka. Kusema uongo hakujui. Alifikiria kusema bado hajaiona, lakini nusu ya Bofu ilimwona akiingia. Siku nne nzima alizunguka nalo, hata kaka yake akamwuliza kama ana homa.

Jumamosi madalali wakaketi. Akataja chumba cha Kisauni, akataja viwili vya Magongo karibu na barabara, akataja nyumba ya njia ya Shelly Beach yenye paa la mabati. Barakat alikuwa akipapasa mwavuli wake. Ilipofika nyumba ya Hamdun, Hafswa alitaja ardhi, akataja kisima, akataja paa. Kisha akasema hiyo hataieleza zaidi, na afadhali isiguswe kwa sasa.

Barakat akauliza ila yake ni nini. Hafswa, ambaye hakuzoea kuulizwa asijibu, akasema ukuta wa chumba cha ndani umeliwa.

"Mchwa?"

"Si mchwa."

"Panya basi."

"Si panya."

"Maji?"

"Ukuta ni mkavu."

"Basi umeliwa na nini, Bi Hafswa?"

Nyuma ya mlango kukawa kimya. Kimya hicho kilikuwa kirefu, na madalali watatu walikuwa hawajapata kukisikia tangu waanze kuja. Karisa alitazama chini. Mwangi aliacha kikombe chake. Barakat akatia sandali zake miguuni taratibu, akasema "A'udhu billahi," kama mtu anayejikinga na shetani, na Hafswa, aliyetaka tu waondoke, hakuelewa kilichotokea mpaka alasiri.

Alasiri jini lilikuwa limeshafika feri, kwani Barakat alilisimulia dukani njiani. Kufika magharibi lilikuwa Kisauni, na Jumatatu lilikuwa Changamwe, limekua njiani na kupata meno. Lilikuwa jini la kula kuta. Lilimwua Hamdun. Lilikaa chumba cha ndani, na Bi Hafswa mwenyewe, ambaye haogopi hata nyoka kwenye paa, amelikuta kwa macho yake likambana ulimi. Mwenye lori akavuka feri kwenda zake, hakuuliza tena. Mahfudh alighadhibika, akaleta walimu wakasoma, akafukiza ubani, lakini hakuna dalali aliyekubali kuinua mwavuli wake mbele ya nyumba ile.

Nisiseme uongo, mwanzoni Hafswa alicheka. Alicheka peke yake jikoni mpaka akafuta machozi. Hakusema neno la uongo, hakumtangaza mtu, na nyumba haikuuzwa. Alijiona mjanja kidogo. Mwanadamu akijiona mjanja, ni vizuri asubiri mwezi mmoja.

Miezi ya eda ilipokaribia kwisha, tumbo lilikataa kufichwa. Kina mama waliokuja kumtazama Nadhira wakaona, wakashangilia mbele yake, na walipotoka nje wakatazamana. Mahfudh aliambiwa, akaduwaa, akaenda kwa kadhi mwenyewe, na kadhi akamwambia alilolijua kila mtu, kwamba angoje. Hakuwa mtu mbaya, Mahfudh. Mtoto alipozaliwa, wa kike, afya yake kamili, alikuja akamkariria adhana sikioni na machozi yakamtoka kwa ajili ya nduguye. Mafungu yakagawiwa kwa sheria: la mtoto, la mama yake, na la ami yake. Akakubali kwamba nyumba isiuzwe, mjane akae na mwanawe, vyumba vipangishwe, na yeye apelekewe fungu lake la kodi huko Unguja. Lakini vyumba visipopata wapangaji kufikia Uhuru, itauzwa kwa bei yoyote, kwani hawezi kusafiri na nyumba isiyozaa. Hakuna aliyeweza kumlaumu.

Na wapangaji hawakuja. Mwenye kuchota maji alitua ndoo mlangoni, hakuingia. Mwuza samaki alipita upande wa pili wa njia. Hafswa alizitaja zile nafasi kila Jumamosi, madalali wakaitikia vizuri, wakaenda kupangisha nyumba nyingine. Siku moja kwenye feri alisikia wanawake wawili mbele yake wakizungumza kuhusu mtoto wa Bofu. Mmoja alisema ana macho makubwa. Mwenziwe akasema atakosaje, na babake ni yule mla kuta?

Hafswa alishikilia chuma cha feri mpaka ng'ambo. Moyo ulimuuma vibaya, kwani neno lile lilitoka kwake. Hakulisema, lakini lilitoka kwenye kimya chake, na sasa lilikuwa limemwendea mtoto mchanga ambaye kosa lake ni kutamani kuzaliwa. Aliteremka Likoni, hakwenda kwao, akaenda moja kwa moja kwa Nadhira akamweleza yote aliyoyasikia. Nadhira alikuwa akimnyonyesha mtoto. Alimsikiliza, kisha akasema mtoto ameshatimiza arobaini, na sasa Hafswa anaweza kusema anavyotaka, hata la ukuta.

Basi Jumamosi iliyofuata Hafswa aliwaeleza madalali ukweli, wa mwanzo mpaka mwisho. Barakat alimsikiliza kwa heshima kubwa, na heshima ile ndiyo iliyomtia baridi. Akamwambia wanamfahamu ana huruma, na mjane ni mtu wa kuonewa huruma, wala hawamlaumu kwa kumtafutia maneno. Kwa mara ya kwanza hawakumwamini. Macho yaliyokuwa yakiwatosha miaka yote sasa hayakutosha, kwa sababu mara moja yalifumba.

Hafswa hakubishana. Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka, akamwambia kaka yake anahama. Kaka yake akadhani ni mzaha. Kufika jioni alikuwa amekwishatandika godoro katika chumba kile kile cha ndani, Nadhira na mtoto wakahamia cha mbele chenye hewa. Akatuma salamu kwa madalali watatu: atakayetaka kusikia nyumba Jumamosi ijayo aje kwa marehemu Hamdun, kwani yeye sasa anakaa huko.

Walikuja. Wangefanyaje? Bila yeye wangerudi kwenye vyumba vya kuku. Karisa alifika mapema akasimama njiani akijifanya anamngoja mtu. Mwangi alifika kutoka Magongo, akaomba maji kama kawaida, akanywa, ndipo akakumbuka yuko kwa nani. Barakat aliketi kwenye ncha ya baraza, sandali mguuni.

Hafswa hakuketi kwenye kigoda. Alifungua mlango wote, mbao mbili, akasema leo haelezi kitu. Nadhira alikuwa amejitenga jikoni na mwanawe, njia ilikuwa wazi. "Miaka yote mwataka mato yangu," akasema, akiyagusa macho yake. "Leo ndooni na yenu."

Wakatazamana. Haikuwa desturi, na dalali anapenda desturi kuliko mtu yeyote. Lakini tuseme kweli, hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwa akikesha kwa kutaka kujua. Mwangi alivua viatu akatangulia. Wakapita ukumbini, wakaingia chumba cha ndani, Hafswa akausukuma mlango, na shimo likawa mbele yao.

Mwangi aliinama. Akatazama, akapeleka vidole vitatu kwenye mikwaruzo, na vidole vikaingia sawasawa. Akaanza kutikisika mabega. Walidhani ameshikwa na kitu, kumbe anacheka.

"Hii kazi naijua," akasema. "Mke wangu Rosalia, mimba ya pili, alikula pembe ya jiko kule Magongo. Mwenye nyumba akaniuliza, nikamwambia ni panya. Akanipa mtego."

Karisa naye akaangua kicheko, akasema mama yake alikuwa na kichuguu chake mwenyewe nyuma ya boma, watoto wakikatazwa kukigusa. Chumba kile kilichoogopwa miezi yote kikajaa vicheko vya wanaume. Barakat peke yake hakucheka. Alikuwa ameuwekea ukuta kiganja, ameinamisha kichwa. Hafswa akamwuliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo tabia yake, watoto saba anao, je, mama yao alikuwa akila nini?

Barakat alifikiri.

"Sijui," akasema. "Sikupata kuuliza."

Walirudi barazani. Hafswa akaketi kizingitini, akaitaja nyumba ile kwa ukamilifu, ambavyo hakupata kufanya. Ardhi ni ya wakfu, kodi yake ndogo. Kisima kitamu. Paa la upande wa magharibi limechoka, mvua za masika litavuja. Chumba cha ndani ukuta wake umeliwa na mama mwenye mimba, nacho kimeshapangwa na Hafswa mwenyewe. Vilivyobaki wazi ni vinne.

Barakat akamwambia, bila ubishi sasa, kwamba nyumba alizozitazama hazihesabiki na hakuhamia hata moja. Hii ina nini?

"Zile niliziona tu," Hafswa akajibu. "Hii niliiharibu." Kisha akamwambia jini lile alilivusha yeye Barakat, na kulirudisha ni kazi yake pia. Mpangaji wa kwanza ni yeye Hafswa. Wa pili atamleta nani?

Barakat aliuokota mwavuli wake. Aliondoka wa mwisho, akitembea taratibu, na Hafswa akaona ameshindwa. Jumapili hakulala vizuri. Alikuwa na wiki chache tu kabla ya bendera, na Mahfudh alikuwa ameanza kufunga masanduku. Nadhira hakumlaumu, na hilo lilimwuma zaidi kuliko lawama.

Jumatatu asubuhi, watu wa Bofu wakifungua maduka, uliingia mkokoteni wenye kitanda, sanduku la bibi harusi na majamvi mapya. Barakat alikuwa mbele yake kwa miguu, kanzu ya Ijumaa mwilini. Nyuma alifuata binti yake Kuluthum, aliyeolewa mwaka ule ule na kukaa kwa mama mkwe akingojea chumba, pamoja na mumewe. Njia ya karibu ilipita nyuma ya msikiti, lakini Barakat hakuishika. Alipita mbele ya duka aliposimulia jini siku ile ya kwanza, akamsalimia kila mtu kwa jina, mmoja mmoja, akiulizia na watoto, mpaka wote wakatoka kumtazama anakwenda wapi.

Mlangoni Kuluthum alisita. Alikuwa amelisikia lile jini, tena kwa kinywa cha babake, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

"Baba, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mwanangu."

Akaliteremsha sanduku yeye mwenyewe, mzee wa miaka sitini, akakataa kusaidiwa, akapita nalo kizingitini wa kwanza. Hafswa alimpisha ukumbini. Barakat alilitua ndani ya chumba, akafuta jasho, akatoka barazani, akavua sandali zake na kuziweka kando. Akakaa pale mpaka adhuhuri, kila apitaye amwone.